Tahadhari ya Ragnfrid

Ragnfrid hakuwa mtu wa kujisifu, na hilo ndilo lililomponza. Kwao kijijini Lauvvika mtu akijisifu ni heri angeiba. Mwizi husemwa wiki mbili watu wakachoka, lakini mwenye kujisifu husemwa mpaka wajukuu zake wanaona haya. Mama yao aliwalea hivyo, yeye na mdogo wake Sjur: ukisifiwa, tafuta kasoro yako uitaje kabla wenzako hawajaitaja. Ragnfrid alilishika somo hilo, akaenda nalo mjini Bergen, akaishi nalo miaka thelathini. Mimi ningekuwa na uwezo ningemwamsha yule mama huko aliko, nimuulize kama ameridhika.

Kazi yake ilikuwa kujua vitu vilivyo majini vitafika wapi. Yeye na wenzake walikuwa wameandika programu ya kompyuta, wakaiita Rekved, jina la magogo yanayookotwa ufukweni baada ya dhoruba. Unaiambia mkondo unaendaje na upepo unavumaje, unaiambia ni kitu gani kimeanguka, wapi na saa ngapi, nayo inamwaga nukta elfu hamsini kwenye ramani na kuziacha zichukuliwe. Mtu aliyeanguka melini, mafuta yaliyovuja, kontena, hata majivu ya volkano angani, vyote Rekved ilivifuata. Na ilikuwa programu huria. Msimbo wake uliwekwa wazi mtandaoni. Anayetaka auchukue, ausome, aubadilishe, autumie, haombi ruhusa wala halipi. Kila aliyeongeza kitu aliandika kwenye maelezo alichoongeza na kasoro zake. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao, na ni utaratibu mzuri, siutukani.

Sehemu ya chawa aliiandika Ragnfrid. Nasema chawa wa samoni, wale wanaozaliana kwenye vizimba vya kufugia samaki, watoto wao wakaelea na maji wiki mbili tatu wakitafuta samaki wa kumganda. Jambo gumu lilikuwa kujua wanaelea kina gani, maana juu maji yanakimbia na chini yanajikokota. Mwaka ule wa kwanza yeye aliamini kwamba wanapanda juu kufuata mwanga, ila hakuwa na ushahidi wa kutosha. Basi akaandika kwenye maelezo, kwa Kiingereza, akatia na jina lake: "Tahadhari. Kina cha chawa hapa ni makisio ya mwandishi tu. Ramani hizi zisitumike kuamulia jambo lolote."

Baadaye ushahidi ulikuja. Miaka minne mfululizo, theluji ikianza kuyeyuka, alipanda mashua na nyavu za matundu madogo, akavua chawa wachanga kina kwa kina, na kila mwaka aliwakuta palepale aliposema. Akaandika ripoti, wenzake wakazisoma wakaridhika. Mstari ule akauacha ulivyo. Rolando, Mchile wa Puerto Montt aliyekuwa akichangia Rekved, ambaye hawakuwahi kuonana ila kwa maandishi, alimwandikia mara tatu. "Dada, futa hiyo tahadhari, imepitwa na wakati. Huku kwetu wenye vizimba wameshaanza kujificha nyuma yake." Ragnfrid akamjibu kwamba miaka minne si mingi, angojee wa tano. Rolando akaandika, "Utangojea mpaka samaki waishe." Ragnfrid akacheka, akafunga kompyuta, akaenda kula.

Mwezi wa tisa Sjur akapiga simu. Sjur si mtu wa simu. Alisema tu, "Njoo Jumamosi, nimechinja," akakata.

Akaenda. Alimkuta mdogo wake jikoni na sufuria kubwa ya kondoo na kabichi, jiko lile lile, meza ile ile, yeye mwenyewe amenenepa kidogo tangu avunjike mguu majira ya baridi yaliyopita. Kwenye kizingiti cha dirisha, kando ya chungu cha maua, Ragnfrid aliiona kamusi ya Kiingereza ya marehemu baba yao, ile aliyokuwa akiitumia na Waingereza waliokuja kuvua mtoni. Ilikaa darini kwenye vumbi miaka ishirini. Sasa ilikuwa imepigwa gundi mgongoni na katikati kumechomekwa kijiti cha kiberiti. Akadhani ni ya mtoto wa Sjur, kazi za shule.

"Kula kwanza," Sjur akasema.

"Ukiniambia nile kwanza najua kuna msiba."

"Hakuna msiba. Kuna vizimba."

Ragnfrid akaweka kijiko chini. "Si mnavyo tayari kule ndani?"

"Vile ni vidogo. Kampuni inataka vingine kumi. Kvitneset."

Sasa hapo lazima nieleze, maana bila hapo hakuna hadithi. Kvitneset ndipo fiordi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, inapobana kabla haijafunguka bahari kuu. Mto wa Lauvvika unamwaga ndani, na kila samoni mchanga anayezaliwa mtoni humo, mwezi wa tano ukifika, lazima apite Kvitneset kwenda baharini akakue. Hana njia nyingine. Akipita na chawa wawili watatu huenda akapona. Akipita na wanane, mwili wake wenyewe hauzidi kiganja cha mtoto, huyo amekwisha. Na mto wenyewe ulikuwa mgonjwa tayari. Ulikuwa umefungwa usivuliwe, mwaka wa nne sasa, ili upumzike, na vuli iliyopita walipanda samoni mia mbili na kumi na wawili tu. Baba yao alikuwa akiwahesabu kwa maelfu.

Tena kulikuwa na ahadi. Shamba lilikuwa haki ya Ragnfrid, yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa na sheria ya kule iko upande wake. Alimwachia Sjur ili yeye aende kusoma. Nyumba, kondoo, msitu, ufuko, vyote kwa kinywa chake, na neno moja tu la kumrudishia: mto usiguswe.

"Pale ni mlangoni, Sjur."

"Najua ni mlangoni. Nimezaliwa hapahapa, usinifundishe."

"Na ufuko wa Kvitneset ni wa nani?"

"Wangu."

"Umewapa?"

"Nimewakodisha." Akajipakulia kabichi bila kumtazama. "Wakipata kibali."

"Uliniahidi mto."

"Nani kaugusa mto? Mto uko kule, unapita, hata leo umepita. Mimi nimekodisha ufuko wa bahari."

"Hayo ni maneno ya wakili, mdogo wangu. Wewe huna akili hiyo, kuna aliyekufundisha."

Sjur akatabasamu upande mmoja. "Haya, sina akili. Sasa nikwambie mimi nisiye na akili. Shule ina watoto tisa. Wakibaki saba inafungwa, na wangu wanapanda basi saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Vizimba vinaleta kazi kumi na nne, na watu huja na watoto. Samoni wako hawasomi shule, dada."

Aliyoyasema Sjur yalikuwa kweli. Ndiyo shida ya kugombana na ndugu, anajua mahali pa kuweka kidole. Ragnfrid akasema tu, "Basi tutaonana halmashauri, siku ya kibali."

"Tutaonana. Ongeza nyama, usije ukashikwa na njaa barabarani."

Alirudi Bergen, akafanya kazi wiki nane. Alichukua mikondo ya fiordi ya miaka sita, akaiacha Rekved imwage nukta zake kutoka Kvitneset, kila siku ya mwezi wa tano wa kila mwaka. Jibu lilikuwa moja. Chawa wakipanda juu, mkondo wa juu unawasambaza mlangoni kama unga kwenye ungo, na kila samoni mchanga anayepita anaondoka na wastani wa chawa tisa. Tisa. Aliirudia hesabu kwa namna zote alizozijua akitafuta kosa lake mwenyewe, kama alivyolelewa, na hakuliona. Mwenzake mmoja ofisini alimwambia, "Umefuta ile tahadhari lakini?" Ragnfrid akasema kuifuta sasa, mwezi mmoja kabla ya kikao, kutaonekana kama anapanga matokeo. Si uungwana. Ataifuta baadaye.

Si uungwana! Mtu anachomewa nyumba, yeye anauliza kama ni adabu kupiga kelele.

Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi katika ukumbi wa kijiji, mwezi wa kumi na moja, mvua ikipiga madirisha. Wajumbe kumi na tisa mezani, wananchi kwenye viti vya nyuma, birika za kahawa, keki bapa za vafeli na jibini la kahawia, maana kule hata wakija kukunyonga kwanza wataandaa kahawa. Sjur alikaa safu ya tatu na watu wa vizimba, fulana zao nyekundu zikiwa na jina la kampuni. Alimpungia dada yake mkono. Ragnfrid naye akampungia.

Mwenyekiti, Magnhild, mama mmoja mpole aliyekuwa na duka la kuuzia nyuzi za sufu, akamkaribisha Ragnfrid kwanza. Ragnfrid akaonyesha ramani yake, wekundu umejaa mlangoni. Akaongea dakika kumi na tano, na nusu ya dakika hizo alitumia kueleza mahali anapoweza kuwa amekosea. Mikondo ya mwaka huu huenda isifanane na ile. Theluji huenda ikayeyuka mapema. Mjumbe mmoja akapiga miayo. Alipokaa, watu walijua kwamba Ragnfrid ni mtu mwangalifu, basi.

Kisha akasimama mtaalamu wa kampuni. Na mtaalamu huyo alikuwa Aslak.

Aslak alikuwa mwanafunzi wake. Ragnfrid ndiye aliyemfundisha kuitumia Rekved, akamwandikia barua ya kumwombea kazi ya kwanza. Alikuja na suti ya buluu, akamwinamia kichwa. "Nashukuru kwamba mwalimu wangu yuko hapa," akasema, "na ramani nitakayoonyesha imetoka kwenye programu yake mwenyewe."

Akaionyesha. Fiordi ile ile, Kvitneset ile ile, nukta elfu hamsini zile zile, ila wekundu ulikuwa kidoa kando ya vizimba, mlango wote mweupe. Ragnfrid alijua palepale alichokifanya. Aliwafunga chawa kwenye kina cha mita kumi, wasipande wala wasishuke. Huko chini maji yanajikokota, watoto wa chawa wanazungukazunguka kwao mpaka wanakufa njaa. Amebadilisha namba moja tu. Na hakuvunja sheria yoyote, maana programu ni huria, anayetaka abadilishe.

Ragnfrid akanyoosha mkono. "Chawa hawakai mita kumi. Mchana wanafuata mwanga, wanakuja juu. Nimewapima miaka minne kwa nyavu."

"Ni kweli amewapima," Aslak akasema, akaugeukia umati kwa upole. Upole huo ndio ulimuudhi zaidi. "Lakini naomba nisome kitu kilichomo kwenye maelezo ya programu. Nimekitafsiri, na maandishi ya asili ni haya hapa." Ukutani ukatokea mstari, na chini yake jina la Ragnfrid kwa herufi zote. Akausoma taratibu. Makisio ya mwandishi tu. Zisitumike kuamulia jambo lolote.

Magnhild akavaa miwani, akausoma tena mwenyewe.

"Huo ni mstari wa zamani," Ragnfrid akasema. "Niliandika kabla ya vipimo."

"Sawa, mwalimu. Ila kama vipimo vimetosha, mbona tahadhari bado ipo?"

Hapo alikuwa na nafasi. Alitakiwa aseme: vimetosha, mimi ndiye ninayelijua jambo hili kuliko yeyote kwenye nchi hii, na ninyi mkikubali vizimba hivi mnaua mto. Maneno hayo yalikuwa kweli kila moja. Lakini kusema hivyo mbele ya watu wa Lauvvika, mbele ya majirani wa mama yake? Akasema, "Nilikuwa nangojea mwaka wa tano."

Mtu akacheka nyuma, halafu wengine wakacheka, si kwa ubaya. Mzee mmoja mjumbe, mfuga kondoo, akasema, "Binti yangu, ikiwa mwenyewe huiamini, sisi tuamini nini?" Ulimi huponza kichwa, wanasema. Wa Ragnfrid ulimponza kwa kukaa kimya.

Wakapiga kura. Kumi na mmoja wakakubali vizimba, wanane wakakataa. Magnhild alikuwa katika wale wanane, na baadaye alikuja kumwambia pole na kumfungia vafeli mbili kwenye karatasi.

Alimkuta Sjur nje kwenye maegesho, chini ya paa la baiskeli, anawasha kiko. Kwa wakati ule Ragnfrid alikuwa bado anamtafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa kichwani mwake ni Aslak.

"Huyu kijana nilimlea mimi," akasema. "Nilimsomesha mwenyewe. Sikudhani angekaa kuchambua maelezo kurasa mia na arobaini atafute mstari mmoja."

"Hakukaa," Sjur akasema.

"Ameupataje basi?"

Sjur akavuta moshi. Si mwongo, huyu, na wala hakuwahi kuwa. Hilo nalo alifundishwa na mama yule yule. "Mimi ndiye nilimwonyesha."

Ragnfrid akadhani hakusikia vizuri kwa ajili ya mvua.

"Alikuja vizimbani kupima maji," Sjur akasema. "Tukawa tunakula mkate. Akasema ramani ya dada yako naiogopa, sijui nitaijibuje. Nikamwambia, mbona mwenyewe ameandika asiaminiwe. Ukurasa wa tisini na saba."

"Wewe umejuaje ukurasa wa tisini na saba?"

"Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

"Yote." Akatazama kiko chake. "Si nilivunjika mguu? Miezi mitatu nimelala. Nikasema ngoja nijue huyu dada yangu anafanya nini huko mjini miaka yote, mama alikuwa anasema unapima hali ya hewa, basi. Nikachapisha. Nikateremsha kamusi ya baba. Mwanzoni nilipata kurasa mbili kwa siku. Ile ya jinsi boti iliyopinduka inavyochukuliwa na upepo niliipenda sana. Ni kweli kabisa ulivyoandika, inakwenda kwa mshazari."

Ragnfrid akashika nguzo ya paa. Niwaambieni kitu kuhusu mwanamke huyu. Miaka thelathini alikuwa akirudi nyumbani Krismasi, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumuuliza swali la pili kuhusu kazi yake. Alikuwa ameshajizoesha. Alikuwa akijiambia kwamba haumii, na alikuwa akiumia kila mwaka. Kumbe mmoja alisoma, tena yote, neno kwa neno, na kijiti cha kiberiti.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilitaka kukwambia siku ile ya kondoo. Halafu tukagombana."

"Na Aslak ulimwambia kwa bahati mbaya. Ulipitiwa."

"Nisikudanganye. Sikupitiwa." Akakikung'uta kiko ukutani. "Nilijua nafanya nini. Nina watoto watatu, Ragnfrid. Na mstari huo hukulazimishwa kuuandika, si wewe mwenyewe uliandika? Mimi nilikuta upo."

"Ni wa zamani. Ungeniuliza ningekwambia."

"Ningekuuliza ungesema hujui, unangojea mwaka wa tano." Hakusema kwa kumkejeli. Alisema kwa uchovu. "Ulivyo ndivyo ulivyo. Sisi wote ndivyo tulivyo. Lakini wewe ndiye uliyekuwa na mto mkononi."

Ragnfrid aliingia garini, akaendesha saa tatu mpaka Bergen na zile vafeli kitini, na njiani akagundua kwamba hamchukii Sjur kwa alichofanya bali kwa lile neno la mwisho. Tahadhari hakuifuta. Alipofika alifungua kompyuta, akautazama mstari, akaona kuufuta siku hiyo ni kutapatapa, akaifunga kompyuta. Hata hapo, jamani, hata hapo.

Vizimba viliwekwa vuli iliyofuata, na familia tano zilihamia. Shule ikafika watoto kumi na sita. Sjur hakusema uongo katika hilo pia.

Mwezi wa tano uliokuja baada yake, Ragnfrid alirudi na nyavu zake, alizokuwa hajazigusa tangu kikao. Huo ulikuwa mwaka wa tano aliokuwa akiungojea, na sasa ulikuwa na maana nyingine: serikali ilimtaka ahesabu chawa kwenye samoni wachanga waliokwisha pita Kvitneset. Ilihitajika mashua na mtu anayeijua fiordi. Aliyejitokeza ni Sjur. Hakuna aliyemwomba. Alikuja gatini saa moja asubuhi na chupa ya kahawa, akasema, "Panda."

Walikokota wavu siku mbili nje ya mlango wa fiordi, maneno machache, jua limewaka na theluji bado iko vilele vya milima. Walipata samaki sitini. Ragnfrid aliwahesabia chawa mmoja mmoja chini ya kioo cha kukuzia, Sjur akiandika. Kumi na mmoja. Saba. Tisa. Kumi na wanne. Walikuwa wadogo, weupe, wamegandamana ubavuni na juu ya pezi la mgongo, na ngozi chini yao imeanza kuwa kijivu. Kufika wa arobaini mwandiko wa Sjur ulikuwa umepinda.

Alimtoa mmoja kwenye beseni, akamlaza kiganjani. Samaki alikuwa hai bado. "Huyu naye alitoka mtoni kwetu?"

"Wote wametoka mtoni kwetu."

"Baba alikuwa anawaita wapangaji," Sjur akasema. "Wanakwenda, wanarudi, wanalipa kwa nyama." Akamrudisha majini taratibu kwa mikono miwili, kana kwamba taratibu hiyo ingemsaidia kitu. "Programu yako ilisema wangapi?"

"Tisa."

Sjur akajumlisha karatasi yake kwa midomo, akagawanya, akarudia tena. "Tisa na kidogo," akasema.

Mashua ikawa inachukuliwa na maji kidogokidogo kuelekea nje, na wote wawili walijua bila kutazama ingefika wapi.

"Basi ule mstari ufute sasa," Sjur akasema.

Waliufuta jikoni, kwenye meza ile ile, mchana huohuo. Ragnfrid akafungua kompyuta, akafika ukurasa wa tisini na saba, akaziondoa sentensi zile. Rekved haipokei badiliko lolote bila kuandikiwa sababu. Ni utaratibu wao, aliyebadilisha lazima aseme kwa nini, na sababu yake inabaki hapo hadharani daima. Kijisanduku cha sababu kikamngoja. Alikitazama muda mrefu mpaka Sjur akavuta kiti akaketi karibu. Mwishowe akaandika: "Makisio yamethibitishwa. Lauvvika, samaki sitini." Akayafuta yote, akaandika "Imethibitishwa", kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuongeza neno lingine. Akabonyeza.

Kahawa ilikuwa haijachemka kompyuta ilipolia. Rolando, Puerto Montt. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, akatia na picha ya fataki.

Sjur akainama kusoma, lakini Kihispania hakukijua na kamusi ya baba haikuwa nacho.

"Anasemaje huyo?"

"Anatupongeza," Ragnfrid akasema.